Maji Hayambebi Aliyekonda

Kabla ya kutoka kwenye Mgodi wa Kirumbi ilibidi mtu ataje ukoo wake mpaka pumzi imwishie. Mgeni angedhani ni heshima. Heshima wapi! Kampuni haikujali babu yako alikuwa nani; ilichotaka ni mapafu yako yawe matupu, kwa sababu mtu mwenye hewa kifuani huelea hata kama amemeza nyundo. Zamani waliambiwa watoe pumzi tu, wakawa wanapuliza mashavu na kuficha hewa ndani. Ndipo ikatungwa sheria ya ukoo: jina lako, la baba, la babu, la bibi, shangazi, wajomba, twende hivyo hivyo kwa sauti ya juu, bila kuvuta pumzi, mpaka sauti ikatike yenyewe. Ikikatika, unaachia ngazi na kuingia majini.

Tangi lilikuwa la kioo kitupu, refu kama watu wawili waliobebana, limejaa maji ya chumvi yaliyotolewa kwenye uwanda wa chumvi huko huko nje ya ukuta. Juu, karibu na uso wa maji, ulichorwa mstari mwekundu. Chini kabisa kulikuwa na wavu wa chuma, na wavu ukiguswa na unyayo wa mtu, kengele inalia. Wafanyakazi waliliita Hakimu, na walilisalimia kwa kutema mate pembeni kila walipolifikia.

Mpimaji alikuwa Nyamizi. Kazi yake kuwafunga watu mikanda, kusikiliza koo zao, kuangalia utosi wa mtu umesimama wapi. Kila mfanyakazi alikuwa na mkanda wake, wenye vipande vya risasi na vya boya vilivyopangwa siku alipoajiriwa, hata akiwa hana pumzi aning'inie majini sawasawa na mstari, asipande wala asishuke. Jioni anavaa mkanda ule ule na kipande kile kile cha kaniki. Akining'inia, kioo kinagongwa, anatoka, anakwenda kula. Akizama, ana kitu tumboni.

Na kitu chenyewe kilikuwa risasigiza, madini ya kuendeshea mitambo ya angani, ambayo huko mijini watu walikuwa wakiuana kwa ajili yake. Kijiwe kimoja kilikuwa na ukubwa wa tende na uzito wa kikombe cha maji kilichojaa pomoni. Picha za kupima mwili hazikufaa kitu, maana vumbi lake lilikuwa limeingia kwenye ngozi na nywele za kila mtu, na picha zilitoka nyeupe kama shuka. Mizani ya kawaida nayo ilibabaika, kwa kuwa mtu hunywa, hutoka jasho, huenda haja. Lakini Hakimu alijua kutofautisha. Ukinywa kikombe cha maji, umeongeza uzito wa kikombe na ukubwa wa kikombe, na tangi halishtuki. Ukimeza kijiwe, umeongeza uzito wa kikombe na ukubwa wa tende tu. Hapo lazima ushuke.

Jioni hiyo mstari wa watu ulikuwa mrefu na mkimya. Ilikuwa wiki ya tatu ya mlo nusu. Wanawake wa kuchambua mawe walikuwa wamekwenda kupiga sufuria mbele ya ofisi wakidai maji ya kunywa yasiyo na chumvi, na ofisi ikawajibu kwa kukata chakula cha mgodi mzima mpaka, kama lilivyosema tangazo, adabu irudi. Aliyewaongoza wenye sufuria alikuwa Kalunde. Na Kalunde ndiye aliyekuwa mbele ya mstari sasa, mikono kiunoni, akimngoja Nyamizi amfunge mkanda.

"Wifi," alisema, kwa sauti ya kusikiwa na wote. "Leo wamekupa maharage au njegere?"

"Inua mikono nikufunge."

"Nauliza kwa niaba ya mama. Anasema harufu inapita dirishani kwetu moja kwa moja kwenda chumbani kwa mdogo wako. Haigeuki hata kusalimia."

Watu walicheka, kile kicheko cha pua cha watu wenye njaa. Nyamizi alikaza mkanda kuliko ilivyohitajika. Hawa wawili walikuwa hawapatani tangu siku ya harusi, na alipofukiwa na kifusi Maganga, mume wa mmoja na kaka wa mwingine, hakikubaki hata kile kidogo cha kuwafanya wafichiane makucha. Kalunde alibaki na mama yake mgonjwa wa miguu. Nyamizi alibaki na kazi ya upimaji, ambayo posho yake ilikuwa sahani mbili nzima nzima hata wakati wa mlo nusu, kwa sababu kampuni haikutaka macho ya mpimaji yapige giza. Sahani moja alikula. Ya pili alimpelekea Shija, ndugu yake wa tumbo moja. Mama mkwe wake alikuwa chumba cha pili kutoka pale, na Nyamizi alijizoeza kupita mlango ule akiangalia mbele.

"Panda ngazi, Kalunde. Watu wanangoja."

"Ninapanda. Aliyeshiba hamjui mwenye njaa, lakini angalau huwa anamwonea haya."

Akapanda. Akashika chuma cha juu kwa mkono mmoja na kuanza ukoo wake, kwa mbwembwe, kama anayewatambulisha watu ukweni: Kalunde binti Ngasa, Ngasa wa Mihayo, Mihayo wa Kasanda, mama yangu Nshoma, bibi yangu Wande, kaka yangu Maganga niliyemzika. Hapo kwa Maganga sauti ikakatika. Akaachia.

Nyamizi alijua kabla ya kengele. Kwa siku kadhaa alikuwa ameona tosi za watu zinasimama chini ya mstari, leo kidole, kesho vidole viwili, na alikuwa ameshajua sababu, na alikuwa amenyamaza. Mpimaji hakuajiriwa kutoa maoni. Sasa alimwona Kalunde akipita mstari mwekundu polepole, kaniki imejaa maji na kufunguka pembeni, mbavu zinahesabika kupitia kioo. Akashuka, akashuka, mpaka nyayo zake zikagusa wavu.

Kengele ikalia.

Walimtoa akikohoa chumvi. Hakupiga kelele. Alimtazama Nyamizi tu, kisha akasema, "Umefurahi?" Mlinzi akamkalisha kwenye benchi la chuma chini ya ukuta.

*

Aliyefuata, kwa bahati ambayo Nyamizi asingeiomba, alikuwa Shija.

Shija alikuwa kijana wa kupendeka, ndiyo ilikuwa taabu yake. Aliweza kukopa kitu kwako ukamshukuru. Leo hakuwa na utani. Alitaja ukoo wake haraka haraka, macho kwenye dari, na Nyamizi akasikia jina lake mwenyewe likitajwa katikati ya majina ya marehemu wao. Shija akaachia ngazi. Mwili wake ulikuwa na nyama, mashavu yamejaa, mgongo unang'aa. Kati ya wote waliokuwa kwenye mstari ule, yeye peke yake alifanana na mtu wa mwaka jana. Nyamizi alitegemea aone utosi wake pale pale palipo mstari.

Shija alizama moja kwa moja, bila kuchelewa, na kengele ikalia tena.

Mstari mzima ulinong'ona. Mlinzi alikimbia kumwita msimamizi, Bwana Ngelela, na kabla hajatoka mlangoni alipaza sauti kwamba hakuna kuondoka, hakuna kukaa, hakuna kunong'ona. Nyamizi akamsogeza Shija nyuma ya tangi, kwenye ndoano za mikanda, akajifanya kufungua kifundo kilichogoma.

"Unacho," alimwambia kwa sauti ya chini.

Shija alijipangusa uso. "Nilidhani kitapita. Nimeona siku hizi watu wananing'inia chini ya mstari na wewe unawagongea kioo wanatoka. Nikasema, kidole kimoja zaidi dada hatakiona."

"Mimi nakiona kidole. Kengele inauona unyayo. Shija, wewe una akili kweli?"

"Ni nauli yetu. Yangu na yako. Kuna mtu wa magari ya chumvi, ameniahidi nafasi mbili. Ulitaka tufie hapa?"

Nyamizi alihisi hasira imempanda mpaka masikioni, na chini ya hasira hofu tupu. Kijiwe kile hakitapikwi. Uzito wake hukituliza chini ya tumbo, na hapo hukaa. Aliyekiri mwenyewe alifungiwa chumbani na kunyweshwa mafuta ya mbarika, wiki hata mwezi, mpaka kitoke, kisha akafukuzwa. Asiyekiri alipelekwa chumba cha madaktari, mlango wa pili kutoka pale, na kupasuliwa. Madaktari wenyewe walikuwa wachimbaji wa zamani waliofundishwa kushona. Wengi waliopita mlango ule walirudishwa wamefunikwa.

"Kiri," alisema. "Akifika tu, kabla hajafungua mdomo. Utafungiwa, utafukuzwa, lakini utakuwa hai."

"Nifukuzwe niende wapi? Uwandani kwenye chumvi, kwa miguu, bila tone la maji? Huko nako ni kufa." Alimshika mkono. Vidole vyake vilikuwa vya baridi. "Sikiliza. Kilichopotea ni kijiwe kimoja, na waliozama ni wawili. Yule pale ana kesi ya sufuria. Ngelela anamtafutia sababu tangu lini? Wewe nyamaza tu, dada. Sikuombi useme uongo. Nyamaza."

Nyamizi aligeuka kumtazama Kalunde kwenye benchi. Alikuwa anakamua kaniki yake taratibu, mabega yametokeza kama vishikio vya sufuria, na hakuwa anamtazama mtu. Nyamizi alijua vizuri zilikokwenda nyama za mabega yale. Kila jioni nusu sahani ya Kalunde ilikatwa nusu nyingine, na ile nusu ya nusu ilikwenda kwa bibi kizee mwenye miguu iliyovimba.

"Unataka yeye apasuliwe," Nyamizi alisema.

"Sitaki. Nasema tu ndivyo itakavyokuwa," akajibu Shija. Na ubaya ni kwamba alisema kwa upole, kama mtu anayeeleza hali ya hewa.

*

Bwana Ngelela aliingia na kijiti cha meno mdomoni. Alikuwa mtu mnene, nadhifu, hakupenda kelele, na kila alipotaka kumfanyia mtu ubaya alimwita kwa heshima.

"Poleni na kungoja," aliwaambia waliosimama. Kisha akawatazama wawili waliolowa. "Kimepotea kimoja. Kitambuzi cha madini kimekihesabu kikiwa ndani ya jiwe, wachambuaji hawakukiona. Kimoja, na mimi naletewa wawili. Dawa ya usingizi inatosha mtu mmoja mpaka gari lije. Kuna anayetaka kukiri?"

Nyamizi alimkazia macho Shija. Shija aliangalia maji.

"Sina cha kukiri," alisema Kalunde. "Na kama mnataka kujua tumbo langu lina nini, mtanishukuru nikiwaambia: halina kitu. Ninyi ndio mliohakikisha."

"Mama ana maneno mazuri. Aliyatumia na kwenye sufuria." Ngelela alitoa kijiti mdomoni. "Basi nitachagua kwa macho. Huyu. Mpelekeni."

Walinzi wawili wakamshika Kalunde mikono. Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu Nyamizi amjue mwanamke yule, uso wake ulivunjika. Hakulia. Alisema tu, haraka, kwa sauti ndogo isiyo yake, "Mama hawezi kutembea. Nani atampelekea maji?" Hakumwuliza mtu yeyote hasa.

Kunyamaza ni rahisi kuliko watu wanavyosema. Unafunga mdomo, mambo yanaendelea. Nyamizi aliwaacha wamvute hatua moja, mbili, akisubiri Shija aseme neno, neno lolote. Shija alikuwa ameinamisha kichwa, na kwenye shavu lake lililojaa Nyamizi aliona kitu ambacho hakutaka kukiona: kijana alikuwa anangoja mambo yaishe, kama mtu aliyejikinga mvua barazani. Nyamizi alimpenda hata hapo. Alimpenda na akamchukia kwa pumzi ile ile.

"Mnampeleka asiyekuwa nacho," alisema.

Ngelela aligeuka. "Mpimaji ana neno?"

"Tangi linapima uzito kwa ukubwa wa mwili. Mtu anaweza kuzama kwa kuongeza kitu kizito. Anaweza pia kuzama kwa kupoteza kitu chepesi." Aligonga kioo cha tangi kwa kidole. "Bwana Ngelela, mafuta hukaa wapi kwenye mchuzi? Juu. Ndiyo yanayotubeba na sisi. Mtu akishinda njaa, mwili unakula mafuta yake wenyewe. Kinachobaki ni mfupa na msuli, na hivyo haviwezi kuelea. Anakuwa mwepesi nchi kavu na mzito majini. Akiwa na mkanda aliopimiwa alipokuwa anakula, lazima agonge wavu."

"Usinitetee wewe," Kalunde alisema kutoka mikononi mwa walinzi. "Ukinitetea wewe, najua kuna jambo."

Ngelela alifikiri. Alikuwa mkatili lakini hakuwa mjinga. "Yaani tangi langu linakamata wenye njaa."

"Ndiyo."

"Na utawatenganishaje?"

Kulikuwa na mizani ya kusimamia kwenye kona, iliyotumika siku ya kuajiri tu, na uzito wa kila mtu wa siku ile ulichomwa kwa moto kwenye ngozi ya mkanda wake. Nyamizi aliionyesha kwa kidole. Aliyezama kwa sababu ya njaa, alisema, atakuwa amepungua sana kuliko mkanda wake. Aliyezama bila kupungua amejaziwa na kitu kingine. Aliyasema yote hayo bila kumtazama ndugu yake.

"Vizuri. Lakini sikiliza, bibie," alisema Ngelela. "Mizani ikiniambia wote wawili ni wenye njaa, bado kijiwe changu hakipo. Ikiniacha mikono mitupu, narudi kwenye macho yangu, na macho yangu yameshachagua. Umeelewa?"

Alikuwa ameelewa. Mstari mzima ulielewa.

Kalunde alipandishwa kwanza. Mkanda wake ulisema hamsini na nane. Sindano ya mizani ilipanda, ikasita, ikatulia hamsini na nne. Nyamizi alisoma kwa sauti, na kwenye mstari mtu akaguna, mtu mwingine akashika mbavu zake mwenyewe kama aliyekumbushwa kitu. Ngelela aliinama kuhakikisha, akaitikia kwa kichwa.

"Amekonda tu. Mwachieni. Haya, kijana."

Shija alipanda akiwa ametabasamu kidogo. Bado alimwamini dada yake. Uso wa mizani ulimwelekea Nyamizi, na Ngelela alikuwa ameanza kurudi nyuma ili maji yanayomchuruzika kijana yasimlowanishe viatu.

"Soma vizuri, dada," Shija alinong'ona.

Mkanda ulisema sitini na sita. Sindano ilisimama sitini na sita na kitu. Asingekula zile sahani, angekuwa sitini na mbili, sitini na moja, kama wenzake wote, na hakuna mizani duniani ambayo ingemtofautisha na mwenye njaa. Kijiwe kingejificha ndani ya kukonda kwake. Nyamizi aliliona hilo lote kwa mara moja: jioni baada ya jioni, sahani imefunikwa kwa kanga, hatua za haraka kupita mlango wa mama mkwe. Alikuwa amemnenepesha ndugu yake kwa ajili ya sindano hii.

Ilikuwa rahisi kusema sitini na mbili. Kalunde alikuwa amesimama hatua tatu kutoka pale, analowesha sakafu, anamtazama mdomo. Leo hakuwa na kijembe.

"Sitini na sita," alisema Nyamizi. "Na zaidi. Hajapungua."

"Dada?" Shija alisema, kama mtoto aliyeachiwa mkono sokoni.

Ngelela alikuja, akainama, akasoma mwenyewe. Akaashiria kwa kijiti cha meno.

Ndipo Shija alipoanza kupiga kelele kwamba anakiri, kwamba anacho, kwamba wampe mafuta, ataketi chumbani hata mwaka. Alishika nguzo ya mizani ikaburutwa pamoja naye. Nyamizi alikwenda mbele ya Ngelela akapiga magoti kwenye maji ya chumvi, akamshika mguu wa suruali. "Amekiri, bwana. Umesikia mwenyewe. Mfungieni. Aliyekiri hapasuliwi, ndiyo sheria yenu."

"Sheria ni kukiri mtu anapoulizwa," alisema Ngelela kwa upole. "Nilimuuliza mbele yenu. Simama, mama, una watu wa kupima." Akautoa mguu wake taratibu, akawafuata walinzi. Mlango wa chumba cha madaktari ulifunguka, sauti ya Shija ikaingia ndani, mlango ukafungwa, na sauti ikaendelea kusikika upande wa pili wa ukuta, kwa sababu ukuta wenyewe ulikuwa wa mabati.

Kalunde alikuwa anajifunga kanga yake kavu. Alipita karibu na Nyamizi, akasimama. Mtu mwingine angemshukuru, au angemwekea mkono begani. Kalunde hakuwa mtu mwingine.

"Ungemshindisha njaa kama sisi, angepona," alisema.

Akaenda zake kwa mama yake.

*

Nyamizi alipima waliobaki. Aliwafunga mikanda, akasikiliza babu na bibi zao, akagonga kioo. Wawili walikaribia kabisa kugusa wavu, akawatoa kwa upesi kabla kengele haijalia, na mlinzi aliyebaki akajifanya hakuona. Mmoja mmoja walipomaliza hawakuondoka. Walikaa kando ya ukuta, wamejifunika kaniki zenye maji, wakitazama tangi kama watu waliokuwa wakiliona kwa mara ya kwanza. Walikuwa wameshaelewa kinachowashusha.

Mwisho kabisa hupimwa mpimaji. Ndiyo sheria, kwa kuwa mpimaji naye ana tumbo. Mlinzi alimfunga mkanda ule wa siku ya kuajiriwa, ukagoma kufika, akausukumiza mpaka tundu la mwisho.

Alipanda ngazi. Nyuma ya mabati Shija alikuwa bado analia, anamwita mama yao, anamwita yeye. Nyamizi alitazama maji na kuyatamani. Chini kule kusingekuwa na sauti. Angening'inia kimya, masikio yamejaa chumvi, hata kwa muda wa kupumua mara moja, na huo muda ungemtosha.

Akaanza. Nyamizi binti Kapela, Kapela wa Lugendo, Lugendo wa Misana, mama yangu Tatu, bibi yangu Kabula, ndugu yangu Shija. Alisema mpaka kifua kikaganda na sauti ikakatika. Akaachia ngazi.

Alishuka mpaka utosini, maji yakamziba masikio, dunia ikanyamaza. Kisha akahisi yanamwinua. Paji la uso likatoka, halafu macho, halafu pua ikavuta hewa yenyewe bila kuulizwa, na masikio yakafunguka. Akatoa pumzi yote tena, akajisukuma chini kwa mikono miwili. Yakamrudisha. Akashika kioo kwa kucha, akajivuta kuelekea wavuni, na mwili wake ulioshiba ukamponyoka ukarudi juu kama kipande cha ndizi kwenye sufuria ya mafuta.

"Mtazameni," mtu alisema kando ya ukuta. Walikuwa wamesimama wote sasa, mbavu nje, wakimwangalia mwanamke anayejaribu kuzama na kushindwa. Mmoja aliokota sufuria ya maji ya kunawia iliyokuwa chini ya ngazi. Akaimwaga, akaigonga kwa chuma cha benchi, mara moja, taratibu. Mwenzake akagonga mabati kwa kiganja. Mlinzi aliwaambia waache, akaona hakuna aliyegeuka, akarudi nyuma mpaka mgongo wake ukagusa mlango.

Kuelea hakukuwa kosa, na kengele haikulia. Lakini hakukuwa na mtu wa kugonga kioo, maana mgonga kioo ndiye aliyekuwa majini, na mlinzi aliyemgongea siku zote alikuwa amejibanza mlangoni. Nyamizi alibaki juu ya maji, uso nje, masikio nje. Kelele za sufuria zilikuwa bado chache, hazijatosha kuifunika sauti ya ndugu yake. Aliisikia yote, mpaka iliponyamaza.